GEMU ZA KITAMBO, KOMPYUTA NDOGO, NA WATOTO WETU

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Ogwedhi)

 

Najua mmenizoea na habari za mbuzi wa maziwa, vyoo na mfuko wa kukopeshana. Leo mwenyekiti ameandika "gemu" kwenye ajenda, na nimemsikia mama mmoja huko nyuma akisema, "Leo madam amepotea." Mama, sijapotea. Nivumilie kidogo, halafu utaniambia.

Mwaka jana mzazi mmoja alinijia akilia. Kijana wake wa gredi ya 6 alikuwa ameuza gorogoro mbili za mahindi kwa siri, na pesa zote zikaishia kwenye mashine ya kamari. Mnazijua mashine hizo. Zinaimba, zinawaka taa, zinameza sarafu za shilingi 20. Sheria ya Kenya inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini mashine haiulizi umri. Tulimgombeza yule mtoto sana, na mimi nikiwemo. Tulipomaliza, aliniuliza swali moja tu: "Sasa nichezee wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nasema, wembe usimpe, lakini pia usimwache mikono mitupu. Mpe kitu kingine cha kushika. Leo nimeleta kitu hicho.

MASHINE YENYEWE NI IPI?

Hii mnayoiona mkononi mwangu ni kompyuta kamili, ingawa ukubwa wake ni kama kitambulisho. Inaitwa Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012, kwa dola 35 za Marekani. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walikuwa wameona kwamba vijana wanaoomba kusomea kompyuta hawana tena ujuzi wa kutunga programu kama wale waliowatangulia. Basi wakataka kompyuta ya bei ndogo, ambayo mtoto anaweza kuishika bila kuogopa kuiharibu.

Sasa, gemu za kitambo ni zipi? Walio wa rika langu watakumbuka ile Brick Game ya miaka ya 1990, ya kushika mkononi na kutia betri, matofali yakishuka nawe unayapanga. Mchezo huo ulitokana na Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov kule Moscow katikati ya miaka ya 1980. Walikuwako pia waliobahatika kuona mashine za kaseti zilizounganishwa na TV, kama zile Nintendo ilizoanza kuuza Japani mwaka 1983. Nguvu za mashine hizo zilikuwa kidogo sana. Kwa hiyo kompyuta hii ndogo inaweza kuziigiza moja baada ya nyingine. Programu ya kuigiza huitwa emuleta, na mkusanyiko wa emuleta nyingi pamoja unaitwa RetroPie. RetroPie hutolewa bure.

VITU VINAVYOHITAJIKA

- Bodi ya Raspberry Pi, toleo la 3 (la mwaka 2016) au la 4 (la mwaka 2019). Kwa gemu za kitambo yote mawili yanatosha.
- Memori kadi ndogo kama ya simu, ya GB 16 au 32. Nunueni mbili. Sababu nitaieleza.
- Chaja yake yenyewe. Ya toleo la 4 ni ya volti 5 na ampea 3, yaani wati 15. Balbu moja ya zamani ya wati 60 ingekula stima mara nne ya hiyo.
- TV yenye tundu la HDMI, na waya wake. Toleo la 4 lina tundu dogo la micro-HDMI, kwa hiyo semeni hivyo dukani.
- Kontrola mbili za USB, ili wawili wacheze pamoja.

Bei hubadilika, kwa hiyo mweka hazina aulize maduka matatu na kuandika zote kabla ya kutoa hata shilingi.

JINSI YA KUUNGANISHA

Kwanza, nendeni na kadi kwenye saiba mjini Migori, au popote penye kompyuta na intaneti nzuri. Wekeni programu iitwayo Raspberry Pi Imager. Chagueni RetroPie ya toleo la bodi yenu, kisha iandikwe kwenye kadi. Angalieni sana: kila kilichokuwa ndani ya kadi hufutika. Usichukue kadi yenye picha za harusi ya mtu.

Pili, tieni kadi kwenye bodi, unganisheni TV na kontrola, na chaja iwe ya mwisho.

Tatu, kioo kitawaambia mshikilie kitufe cha kontrola. Kisha kitataja vitufe kimoja kimoja, nanyi mnabonyeza. Kikitajwa kitufe ambacho kontrola yenu haina, shikilieni chochote kidogo, na mashine itaruka.

Nne, kuingiza gemu. Kwenye flashi tupu, fungueni folda na kuiita retropie. Chomekeni flashi kwenye bodi na kungoja mpaka taa yake iache kumetameta. Mashine itakuwa imejenga folda ndani yake. Rudini kwenye kompyuta, wekeni kila gemu katika folda yake, kisha chomekeni tena ili zinakiliwe. Halafu washeni upya.

Tano, zimeni kwa kutumia menyu. Msing'oe waya ghafla. Hapo nina ushahidi wangu mwenyewe.

NILIPOKOSEA

Mara ya kwanza nilijidai nabana matumizi, nikatumia chaja ya simu. Alama ndogo ya radi ikatokea pembeni mwa kioo. Nikadhani ni pambo. Kumbe mashine ilikuwa inaniambia stima haitoshi! Jioni ya tatu stima ya kijijini ikapotea kabisa, tukiwa katikati ya kunakili. Iliporudi, kadi haikuwaka tena. Kazi ya jioni tatu ikaenda. Wale vijana walinitazama bila kusema neno, na hiyo ni mbaya kuliko kusemwa.

Ndiyo maana nawaambia mpate chaja ya kweli, mnakili kazi yenu mkishamaliza, na mahali ambapo stima hupotea mtumie betri ya sola. Betri ni ya volti 12 na bodi ni ya volti 5, kwa hiyo mwiteni fundi aweke kifaa cha kupunguza.

MALI INA MWENYEWE

RetroPie inakuja bila gemu za makampuni. Sababu ni kwamba gemu, hata iwe ya mwaka 1985, ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi kama hizo. Kijana atakuja na flashi na kusema, "Madam, nina gemu 1,000 hapa, bure." Muulizeni amezitoa wapi. Hatuwezi kumkanya mtoto asiibe mahindi ya mama yake, kisha tukamwekea gemu zilizoibwa.

Zipo gemu ambazo wenyewe wamezitoa kwa watu wote. SuperTux ni ya ngwini anayekimbia na kuruka, na watoto wadogo huipenda. Micropolis ndiyo ninayowaombea ninyi wazee. Ilitokana na SimCity ya Will Wright ya mwaka 1989, na mwaka 2008 ikaachiwa watu wote. Hapo mchezaji anajenga mji: anatoza kodi, anapeleka stima, anapanga barabara. Akitoza kodi kubwa mno, watu wanahama. Akisahau kituo cha zimamoto, mji unaungua. Hii inataka mausi, lakini ni somo la uongozi ambalo hata kamati zetu zingefaidika nalo. Zote mbili mnaweza kuzipata kupitia menyu ya RetroPie mkiwa na intaneti.

KADI YA PILI

Niliwaambia mnunue kadi mbili. Ya kwanza ni ya Jumamosi, kwa gemu. Ya pili wekeni Raspberry Pi OS, pamoja na Scratch, ambayo mtoto anaitumia kutunga gemu yake mwenyewe kwa kupanga vipande kama matofali. Na kwa kutumia programu ya Kiwix, mnaweza kuweka Wikipedia ya Kiswahili ikasomwa bila intaneti. Mnatoa kadi hii, mnatia ile, na chumba cha gemu kimekuwa darasa.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa na mashine ya kamari. Ile imefungwa kufuli, na mwenye ufunguo haishi hapa. Anakuja kuchukua sarafu na kuondoka. Hii tumeiunganisha wenyewe. Tunajua kilichomo, na ikiharibika tunajua pa kuanzia.

Kikundi kitakachojaribu kiweke kanuni kabla ya kuwasha: saa za kucheza ziandikwe ukutani, siku za shule isiwashwe kabla ya masomo kwisha, hakuna kuwekeana pesa, wasichana wapate zamu sawa na wavulana, na mchango wowote uingie kwenye daftari. Na kontrola mbili zishikwe na watoto wa pande mbili. Soko letu la mifugo hukutanisha Wajaluo, Wamaasai, Wakuria na Wakisii. Kwa nini watoto wao wasikutane?

Namalizia na yule kijana wa gorogoro mbili. Tulipoanza upya, yeye ndiye aliyetia kadi. Siku moja akaniuliza tena, "Na hizi gemu, nani huzitunga?" Safari hii nilikuwa na jibu, nikampa kadi ya pili. Siwezi kuapa kwamba hapiti tena karibu na ile mashine. Lakini Jumamosi mchana, mama yake na mimi tunajua alipo.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Watoto wa kijiji chetu huchezea wapi, na nani anapata faida?
2. Nani katika kikundi anaweza kutunza mashine na ufunguo wa chumba?
3. Tukiwa na kadi ya pili, tungetaka watoto wajifunze nini kwanza?