Dawa ya Upweke



Mwaka nilipohamishiwa mji huu kwa kazi ya ukarani, niliugua homa siku tatu chumbani pasipo mtu wa kunipa maji. Niliomba, lakini niliona haya kumwita jirani. Ndipo nikasoma Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4. Mtume Paulo, mfungwa mwenye imani thabiti, amsihi Timotheo aje upesi, kabla ya majira ya baridi, amletee na joho lake. Basi kumtumaini Mungu hakumzuii mtu kumhitaji ndugu. Jumapili iliyofuata nilitaja jina langu kanisani; jioni watu watatu walipiga hodi kwangu. Wanachama wenzangu, kila mmoja wetu na apige hodi kwa mgeni mmoja.