Kuunganisha Kompyuta na Kidhibiti cha Roboti: Kusikiliza Kwanza, Kuamuru Baadaye



Waya wa mtandao unachomekwa kwa dakika moja. Kinachostahili kikao ni kuamua kompyuta iruhusiwe kufanya nini ikishaunganishwa na roboti. Nitatumia mfano mmoja tu, mikono ya e-Series ya Universal Robots, kampuni ya Odense, Denmark, kwa kuwa maelezo ya namna ya kuwasiliana nayo yametolewa wazi kwa yeyote anayeyataka.

Kebo hutoka kwenye kidhibiti, yaani lile kabati linaloongoza mkono, hadi kwenye kompyuta au swichi. Tuseme roboti imepewa anwani 192.168.1.20 na kompyuta 192.168.1.10. Hapo ndipo wengi hukwama: Wi-Fi ya ofisi nayo ikiwa ya 192.168.1, kompyuta inaweza kuupeleka ujumbe wa roboti hewani, huku taa za kijani za kebo zikiwaka kana kwamba mambo ni shwari. Dawa ni kuzima Wi-Fi au, bora zaidi, kuipa roboti mtandao wake. Na ping, ujumbe wa kupima kama anwani inafikika, ikijibu, msishangilie. Imethibitisha njia tu.

Kwenye anwani hiyo moja ya roboti kuna poti kadhaa, yaani milango ya mawasiliano yenye namba, na kila moja ina kazi yake. Poti 30004 hutoa hali ya roboti, kama vile pembe za viungo, joto na mkondo wa umeme wa mota, hadi mara 500 kwa sekunde. Mwanafunzi aanzie hapa, asome tu, asiandike kitu. Namba hizo huja kwa baiti 8, baiti yenye uzito mkubwa ikitangulia, ilhali kompyuta zetu nyingi huzipanga kinyume. Asiyezigeuza atapata pembe zisizo na kichwa wala miguu. Ni kosa zuri kulifanya, maana halimgongi mtu.

Poti 30002 ni habari nyingine. Hupokea amri za mwendo, kama movej ya kusogeza viungo, na pembe zake ni radiani. Aliyeandika 1 akidhani ni nyuzi 1 atashuhudia kiungo kikielekea nyuzi 57. Amri isiyomalizika kwa alama ya mstari mpya haitekelezwi, na fundi hubaki akitazama mkono uliotulia asijue kasoro iko wapi. Tena, programu mpya ikitumwa kupitia poti hii, ile iliyokuwa ikiendeshwa hukatwa. Kompyuta mbili zikiamuru kwa wakati mmoja ni vurugu tupu.

Watengenezaji waliliona hilo, ndiyo maana roboti hizi zina hali mbili: ya papo hapo na ya mbali. Ikiwa katika hali ya papo hapo, amri za mwendo kutoka mtandaoni hukataliwa. Kwa maoni yangu, nywila ya kubadilisha hali ibaki kwa msimamizi wa karakana, hata kama wanafunzi watanung'unika.

Kitufe cha kusimamisha kwa dharura kisipitishwe kwenye programu ya kompyuta. Kina nyaya zake, njia mbili, kwa sababu mtandao wa kawaida hauahidi kwamba ujumbe utafika kwa wakati. Zipo itifaki za usalama zilizoundwa mahususi, mfano PROFIsafe, lakini hizo haziigizwi kwa programu ya kujiandikia.

Suala la wavamizi nalo si la kufikirika. Mwaka 2017 watafiti wa Politecnico di Milano na Trend Micro walionyesha jinsi roboti ya ABB inavyoweza kuharibiwa usahihi wake kupitia mtandao. Poti 30002 niliyoitaja haiulizi nywila; roboti ikiwa katika hali ya mbali, anayeifikia anasikilizwa. Basi isiwekwe kamwe mahali ambapo intaneti inaifikia.

Vyuo ambavyo bado havina mkono vinaweza kuanza na URSim, programu ya kuigiza inayotolewa bure na kampuni hiyohiyo. Hufungua poti zilezile, na mkono wake wa kuigiza ukigonga meza hakuna cha kukarabati.