Mtoto Akiugua Shuleni, Nyumbani Wajue Lini?



 Leo tuongee jambo lisilopigiwa kelele: mtoto akiugua shuleni, nyumbani wanaambiwa nini, wanaambiwa na nani, na saa ngapi.

Naongea na nyinyi vijana makusudi. Katika nyumba zetu nyingi anayesoma barua ya shule si mama, ni wewe. Wewe ndiye uko kwenye grup ya WhatsApp ya darasa la mdogo wako, kwa sababu simu ya mama ni mulika mwizi. Wewe ndiye unatumwa kwenye mkutano wa wazazi baba akiwa kazini. Kwa hiyo habari ya afya ya huyo mtoto, ikifika au ikipotea, imepitia mikononi mwako.

Tuanze na lile kubwa. Mwaka 2023, mwezi wa Machi kuingia Aprili, shule ya wasichana ya Mukumu kule Kakamega. Mamia ya wanafunzi waliugua. Wanafunzi kadhaa wakafariki, na mwalimu mmoja pia. Wizara ya Afya ilipopima ikataja bakteria wa E. coli na wale wa homa ya matumbo, na chanzo kikawa chakula na maji yaliyochafuka. Shule ikafungwa, bodi ikavunjwa, mwalimu mkuu akahamishwa. Wazazi walikuwa langoni wakidai majibu.

Sasa fikiria jambo moja. Homa ya matumbo kwa kawaida hukaa mwilini wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza. Maana yake mtoto anaweza kupanda matatu akiwa mzima, afike nyumbani akiwa mzima, halafu siku ya kumi aanze kuungua. Mama akimpeleka zahanati bila kujua kilichotokea shuleni, atasema tu ana homa. Huku kwetu homa ya kwanza kufikiriwa ni malaria. Siku zinapotea hapo. Kwa hiyo mlipuko ukitokea, kuwaambia wazazi wa wale waliolazwa hakutoshi. Kila nyumba yenye mtoto katika shule ile inafaa ijue: kuna ugonjwa gani unashukiwa, dalili zake ni zipi, na ukifika hospitali umwambie nini daktari. Ujumbe wa mistari mitatu unatosha kuokoa mtu.

Oktoba mwaka huohuo, kaunti hiyohiyo, shule ya wasichana ya Eregi. Wasichana wengi walianza kutetemeka miguu, hata kutembea ikawa taabu. Video zilizunguka nchi nzima, kila mtu akawa na lake la kusema. Baadaye maafisa wa afya wakaeleza kwamba ni taharuki ya pamoja. Lakini hebu jiweke katika nafasi ya mzazi aliyemwona mwanawe kwenye video ya mtu asiyemjua kabla ya kusikia neno lolote kutoka shuleni. Shule ikinyamaza, uvumi hauwezi kunyamaza. Unachukua kile kiti kilichoachwa wazi.

Sasa tuje kwa mambo madogo ya kila muhula, maana hayo ndiyo yanatugusa zaidi.

Serikali ina mpango wa kugawa dawa za minyoo shuleni tangu zamani, na maeneo yenye kichocho, Pwani ikiwemo, watoto hupewa dawa ya kichocho pia. Ni dawa nzuri. Lakini hii ya kichocho ikimezwa tumbo tupu inaleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, ndiyo maana huambiwa mtoto ale kwanza. Sasa kama siku ya dawa imeangukia Alhamisi na binti amefunga sunna, au imeangukia Ramadhani kabisa? Nyumbani wangejua siku tatu mbele, lingepangwa tu: mtoto ale siku hiyo, au shule impangie siku nyingine. Wasipojua, mtoto anatapika, jirani anasema watoto wamepewa sumu, na mwaka ujao nusu ya darasa wanafichwa nyumbani.

Chanjo ni vivyo hivyo. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Julai 2025 ikaja kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, pamoja na ya surua na rubela kwa wadogo. Mara ngapi umesikia barazani kwamba ile ya wasichana ni ya kuwafunga uzazi? Si kweli. Lakini mzazi anayesikia chanjo kwa mara ya kwanza mtoto akiwa tayari amerudi na plasta mkononi, utamlaumu akiamini la baraza? Mtu aliyeulizwa mapema anauliza maswali. Mtu asiyeulizwa anakasirika.

Halafu bima. Wengi bado wanaamini mtoto wa sekondari ya umma analipiwa na EduAfya. Mpango huo ulianza 2018 chini ya NHIF, na sasa haupo. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, na mtoto anaingia kama tegemezi kwa usajili wa mzazi. Kuna wazazi waliojua hilo wakiwa kwenye dirisha la hospitali, usiku, mtoto ameegemea ukuta. Hiyo ilikuwa habari ya kusemwa kwenye mkutano wa kufungua shule. Nenda leo ukaangalie kama mdogo wako yumo kwenye usajili wa mama au baba.

Katika kazi hii nilikaa na mama mmoja ambaye mwanawe ana selimundu na yuko bweni. Shule siitaji. Alisema siku ya kwanza alimwambia mwalimu aliyekuwa mezani: mtoto huyu akilalamika mifupa, msimwambie ni uvivu, nipigieni. Mwalimu akaitikia. Muhula wa pili yule mwalimu akahamishwa, na habari ikaondoka naye. Mtoto akalala na maumivu siku mbili bwenini. Alipigiwa siku ya tatu. Sikusikia kwamba kuna mtu alikuwa na nia mbaya. Habari ilikaa kichwani mwa mtu mmoja badala ya kukaa kwenye kitabu. Alhamdulillahi mtoto yuko hai, lakini mama yule mpaka leo simu ikilia usiku, mkono unatetemeka.

Kwa hiyo tunadai nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Moja, fomu ya afya inayojazwa kila mwaka na kuwekwa mahali pamoja: ugonjwa wa kudumu, mzio, dawa, na namba mbili za simu. Nasema mbili, kwa sababu ya kwanza huwa imezimwa.

Mbili, saa. Shule iandike: mtoto akilala chumba cha wagonjwa usiku mmoja, nyumbani wanapigiwa. Akipelekwa hospitali, wanapigiwa kabla gari halijatoka getini.

Tatu, lugha. Barua ya Kiingereza kwa mama asiyesoma Kiingereza haijafika, hata kama ipo mkobani. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Kuomba barua ya Kiswahili si kuomba hisani.

Nne, siri. Kumjulisha mzazi si kutangazia grup. Nimeona jina la mtoto na ugonjwa wake likiwekwa kwenye grup la wazazi sabini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mlipuko utangazwe kwa wote bila majina. Ugonjwa wa mtoto uambiwe mzazi wake.

Na shule ikikataa kusema? Usitukane, usiende live. Andika. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma imo humo. Hata habari iliyo kwa mtu binafsi unaweza kuidai, kama unaihitaji kulinda haki yako. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 kukujibu, na kama habari inahusu uhai wa mtu, saa 48. Ombi unaweza kuliandika kwa Kiswahili. Asipokujibu, malalamiko yanaenda Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman. Weka nakala, weka tarehe. Na kumbuka kwenye bodi ya shule wapo watu waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Wajue kwa majina.

Lakini na sisi tuwe wakweli. Mzazi anayeficha kwamba mtoto ana kifafa kwa kuogopa maneno ya watu anamwacha mwalimu gizani. Anayebadilisha laini ya simu bila kuijulisha shule, atalalamikia nini? Na madrasa zetu, hasa zile za kulala, je? Ni ngapi zina daftari la afya ya watoto? Tukienda kwa mwalimu mkuu na ombi hili, tuwe tumeshalipeleka kwa ustadhi. Mtoto ni amana kote alikolala.

Kazi ya wiki hii, kila mmoja shule moja, ile aliyomo mdogo wako, au mtoto wa dada yako, au wa jirani. Uliza maswali matatu: Fomu ya afya iko wapi? Nani anapiga simu mtoto akiugua usiku? Namba yetu mliyonayo ni ipi? Hilo la mwisho, waambie wakusomee. Utashangaa mara ngapi wanasoma namba iliyokufa miaka miwili iliyopita.

Majibu yaandike, uje nayo kwenye kikao kijacho. Tukiwa na shule ishirini kwenye karatasi, tutakwenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo tukiwa na la kuonyesha, tuongee kwa adabu, na tusitoke bila tarehe ya jibu.