Mzigo wa frasila mbili

Barabara ya Itetemia, palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe huko Tabora, bado ina vivuli vya miembe. Katika karne ya 19 nchi hii ilipitwa na wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na frasila 2 begani, yaani kilo 32 hivi za pembe za ndovu, wakielekea Bagamoyo, umbali wa kilomita zipatazo 800.

Hawakuwa na jimu.

Msikilizaji asiwaonee wivu: wengi walikufa njiani kwa ndui, njaa na uchovu. Ila namna yao ya kwenda ndiyo anayoanza nayo mwalimu mzuri wa mazoezi leo. Waliondoka alfajiri, wakapumzika jua lilipokuwa kali, wakarudia kesho yake. Shirika la Afya Duniani halitaki makubwa kama yale. Mtu mzima atembee kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, kiasi cha nusu saa kwa siku 5, na mara 2 akaze misuli. Kuchuchumaa na kuinuka, au kunyanyua ndoo ya maji, kunatosha kuanzia. Mwenye presha au kisukari amwone daktari kwanza.

Chakula je? Matobolwa ya viazi vitamu, karanga, kunde, mlenda na uyoga wa miombo: ghala ya Tabora haina upungufu. Tatizo ni chumvi, inayotakiwa isifike gramu 5 kwa siku, na soda zinazoshushia kila mlo. Asali ya Tabora ni tamu kweli, lakini nayo ni sukari, kijiko kinatosha.