Mama akikimbia usiku, aende wapi?

Maneno yenye yalisemwa mbele ya vijana wa Lubumbashi



Nitaanzia na kitu chenye nilionaka na macho yangu. Usiku mumoja, karibu saa tano, jirani yetu akagonga mulango. Mutoto kwa mugongo, mwingine anamushika kikwembe, jicho moja limevimba. Hakuomba feza, hakuomba avoka. Aliuliza tu: "Naweza lala hapa?" Alikuwa ametoka kwa polisi. Kule walimuambia: "Ile ni mambo ya nyumba. Kama unataka kushitaki, leta kwanza feza ya karatasi."

Alilala kwetu siku mbili. Siku ya tatu familia zikaketi, bwana akatozwa mbuzi na kreti ya bia, mama akarudishwa. Nyuma ya wiki mbili, tukasikia tena makelele.

Wandugu, hapana, si mambo ya nyumba. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaamuru serikali ipiganishe jeuri yenye wanatendea wanamuke katika maisha ya mbele ya watu na katika maisha ya nyumbani. Nyumbani pia! Na si mama mumoja. Uchunguzi wa inchi nzima wa 2013-2014 ulionyesha kama mwanamuke mumoja kwa wawili, wa miaka 15 mpaka 49, alikwisha kupigwa tangu alipofikisha miaka 15.

Sheria ziko. Mwaka 2016 walibadilisha sheria ya jamaa, leo mama haombe tena ruhusa ya bwana juu ya kutumika kazi ao kufungua konti. Ni vizuri. Lakini karatasi haifungulie mutu mulango saa tano ya usiku.

Wengine watasema: "Inchi iko na vita, feza hakuna." Tuangalie feza basi. Mwisho wa 2022, inchi iliunda FONAREV juu ya kulipa wenye waliumizwa na ubakaji wa vita na makosa makubwa ya vita. Inapata 11 kwa mia ya redevansi ya migodi. Ni haki yao, hatutaki hata franga moja itoke pale. Lakini ile inaonyesha kama serikali ikitaka, feza inapatikana. Mama mwenye anapigwa na bwana yake hayumo katika ile mfuko. Yeye aende wapi?

Wengi wanategemea ma-ONG. Hospitali ya Panzi, kule Bukavu, yenye dokta Mukwege alianzisha mwaka 1999, ilituonyesha namna ya kufanya: munganga, musaada wa roho, avoka, na kazi ya kuanza maisha mupya, vyote pamoja. Ufundi tuko nao. Lakini mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, tuliona vile huduma za namna hii zinaweza yumba kwa siku chache. Usalama wa mama zetu hauwezi kukaa kwa mukono wa mugeni.

Sisi tunaishi juu ya shaba na kobalti. Sheria ya migodi ya 2018 inaachia jimbo 25 kwa mia ya redevansi. Kwa hiyo tunaomba Haut-Katanga vitu vitatu:

1. Nyumba ya kukimbilia katika Lubumbashi, yenye kulindwa, mama aingie na watoto wake bila kulipa.
2. Karatasi ya munganga na mashitaka kwa polisi vikuwe vya bure.
3. Mustari wake katika bajeti ya jimbo, na kila mwisho wa mwaka watangaze feza gani ilitoka kweli. Juu munajua: kuandika feza kwa karatasi na kuitoa ni vitu viwili.

Kikao cha mwezi wa tisa ndicho cha bajeti. Kila mumoja wetu amutafute deputé wa jimbo mwenye alichagua, amuulize: ule mustari uko wapi? Akijibu, tutaandika jibu yake. Akinyamaza, tutaandika pia kama alinyamaza.

Na tuanze kwetu. Ukisikia makelele kwa jirani, usipandishe redio. Gonga mulango. Na wewe kijana mwenye unamupiga cheri yako, usijiite mupigania haki kati yetu.

Ule mama angali anaishi pale karibu yetu. Nikimusalimia, ninajua kama akikimbia tena leo usiku, mulango ni ule ule mumoja tu, wa kwetu. Haitoshe.