Mwanya si Pengo: Leksikoni ya Kinywa na Vipimo vya Uzuri

Anayetaka kujua wasemaji wa Kiswahili wanauonaje uzuri wa tabasamu aanze na nomino mbili: mwanya na pengo. Zote hutaja nafasi iliyo wazi katika safu ya meno, lakini msemaji hazichanganyi. Mwanya ni nafasi baina ya meno mawili ya mbele, aghalabu ya juu, ambayo mtu amejaliwa nayo. Pengo ni mahali palipokuwa na jino ambalo sasa halipo. Kauli “ana mwanya” inatosha kuwa sifa bila kuongezewa kivumishi; “ana pengo” haijapata kumsifu mtu.

Ushahidi wa tofauti hii haumo katika fasili za kamusi peke yake. Methali isemayo “jino la pembe si dawa ya pengo” huharibika mara moja pengo linapobadilishwa kuwa mwanya, kwa kuwa mwanya haudai dawa. Marehemu huacha pengo. Hakuna aliyewahi kuacha mwanya. Mtu hupata mwanya wa kusema, wala hapati pengo la kusema. Ni kweli kwamba magazeti hutaja mianya ya rushwa na ya kukwepa kodi, na mianya hiyo huzibwa kama mapengo yazibwavyo. Hapo sifa imepotea, ila maana ya msingi imebaki: mwanya ni upenyo, pengo ni upungufu.

Huko Kiegei, na katika nchi yote ya Nachingwea na Ruangwa, Kiswahili kinaishi pamoja na Kimwera, na majirani zake ni Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Katika sehemu hizi za kusini kinywa kilikuwa zamani mahali pa kazi ya mikono: ndonya katika mdomo wa juu, na meno yaliyochongwa. Mjerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliyaeleza mapambo ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1908. Kwa sehemu kubwa desturi hizo zimetoweka. Mwanya umesalimika, yamkini kwa sababu haukuhitaji fundi wala chombo. Mtu huzaliwa nao, au hakuzaliwa nao.

Sasa na itazamwe fahirisi ya uzuri wa meno iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1986, kutokana na maoni ya Wamarekani walioonyeshwa vinywa mbalimbali. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake wa uchunguzi wa afya ya kinywa wa mwaka 1997. Katika fahirisi hiyo, kila jino la mbele au la pembeni lisiloonekana mahali pake huongeza pointi 6. Kila milimita ya mwanya huongeza pointi 3, na pointi zikizidi, hali huhesabiwa kuwa mbaya zaidi. Hesabu ni nyepesi: mwanya wa milimita 2 ni sawa na pengo moja.

Kwa walioulizwa huko Marekani, huenda hesabu hiyo ni ya haki. Ikihamishiwa Kiegei, inavisawazisha vitu viwili ambavyo lugha ya huko imevitenga. Tena, watoto wengi wa miaka saba au minane huwa na mwanya ambao hupungua au hufunga wenyewe chonge zinapoota, takriban miaka mitatu minne baadaye. Fahirisi ikitumiwa kwa mtoto wa darasa la pili, ataandikiwa kasoro ambayo huenda umri utaifuta.

Tatizo huongezeka dodoso linapotafsiriwa. Mfasiri akiandika “pengo”, mtoto mwenye mwanya atajibu hana, na atakuwa amesema kweli. Akiandika “kasoro ya mwanya”, swali limekwisha kujijibu. Maneno “nafasi baina ya meno ya mbele” yana usalama wa kitaalamu, lakini hayasemwi na mtu nyumbani. Wapo pia wenye mwanya wasioupenda, na hao wana haki ya kusikilizwa na daktari. Kwa hiyo swali la kumwuliza mtoto huyo ni hili: “Mwanya wako unaupenda?” Akijibu ndiyo, fahirisi ya mwaka 1986 haina mahali pa kuliandika jibu lake.