ULIMI WA MUUMINI BAADA YA MSIBA WA MOTO

Khutba ya Kwanza

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ambaye uhai wetu na mauti yetu yamo mkononi mwake. Twashuhudia kuwa hapana mola wa haki ila Yeye peke yake, na twashuhudia kuwa Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, na Aali zake, na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, twaziusia nafsi zetu na nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Na uchaji hujulikana mtu anapokuwa msikitini, lakini hujulikana zaidi habari ya msiba wa watu wengine inapomfikia, naye akafungua kinywa kusema.

Usiku wa kuamkia Alkhamisi, tarehe 31 Agosti 2023, jengo la ghorofa tano katika mtaa wa Marshalltown, mjini Johannesburg, liliwaka moto watu wakiwa usingizini. Roho 76 ziliondoka, na watoto wadogo wakiwemo. Walikuwamo wenyeji wa Afrika Kusini, na walikuwamo wageni kutoka Malawi, Msumbiji na hapa kwetu Tanzania. Jengo lile lilikuwa mali ya jiji. Zamani za ubaguzi wa rangi ndimo Mwafrika alimokwenda kuombea pasi ya kumruhusu kukaa mjini. Baadaye likawa makimbilio ya wanawake waliodhulumiwa majumbani. Mwishowe likaachwa bila ya matunzo, mafukara wakaingia, wakagawanya vyumba kwa mbao na vitu vyepesi kushika moto. Moto ulipowaka, baadhi ya njia za kutokea zilikuwa zimefungwa.

Watu wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma hawahitaji kuelezwa jinsi mtoto wa watu anavyofika katika jengo kama lile. Mto huu haukuwa ukuta kwa wazee wetu. Ng'ambo tuna ndugu, tuna wakwe, tuna na makaburi. Vijana wetu huvuka kutafuta riziki Msumbiji, na wengine huendelea kusini mpaka habari zao zikawa haba. Basi aliyekufa kule ni mtoto wa mama kama mama zetu.

Lakini hebu tuyatazame maneno yaliyosemwa. Kabla maiti hawajatambuliwa, wako waliosema kuwa wale walikuwa wageni wasio na vibali. Wako waliosema kuwa waliingia jengo lisilo lao, basi wamelipata walilolitafuta. Hata baadhi ya viongozi waliwalaumu watu waliokwenda mahakamani kuwatetea mafukara wasifukuzwe. Na huku kwetu hawakukosekana waliouliza nani aliyewatuma kwenda huko.

Enyi Waislamu, swali la kwanza la muumini halipasi kuwa hilo. Jeneza la Myahudi lilipopita mbele ya Mtume wetu (S.A.W.), alisimama. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, alijibu kwa kuuliza kama hiyo nayo si nafsi. Hakuuliza kabila lake, wala kibali chake, wala kilichomleta mjini. Na katika Suratul Hujurat, Mola wetu ametukataza dhana mbaya na kusengenya, akamfananisha msengenyaji na mwenye kula nyama ya nduguye aliyekufa. Ikiwa hayo ni kwa aliye hai awezaye kujitetea, itakuwaje kwa aliyeungua, ambaye hana tena kinywa cha kujibu?

Zaidi ya hayo, Mtume (S.A.W.) amemhesabu Muislamu afaye kwa kuungua kuwa miongoni mwa mashahidi. Huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama maiti wengine. Na ikiwa mwili hauwezi kuoshwa kwa kuungua, wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema atayamamiwe. Aliyefia mbali huswaliwa swala ya ghaibu. Tazameni basi heshima ambayo sheria imempa mtu yule yule ambaye ndimi za watu zimemwita mvamizi.

Liko na kosa la pili, nalo huvaa kanzu ya dini. Ni kusema kuwa ni kadari ya Mungu, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Kadari ni nguzo ya imani yetu, na ndiyo faraja ya mfiwa. Lakini Mwenyezi Mungu hakuiteremsha ili iwe maficho ya mwenye dhamana. Tume iliyoongozwa na Jaji mstaafu Sisi Khampepe ilitoa ripoti yake mwezi wa Mei 2024. Mtu mmoja aliiambia tume hiyo kuwa yeye ndiye aliyewasha moto, na hilo ni la mahakama kulihukumu. Ama jiji lenye jengo, tume ililiona kuwa na lawama, kwa kuwa lilijua hatari iliyokuwamo na halikutekeleza wajibu wake.

Tazameni na msiba wa London wa tarehe 14 Juni 2017. Jumba la Grenfell, lenye ghorofa 24, liliwaka usiku, ukaanzia katika friji ya jikoni ghorofa ya nne, na watu 72 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi, na watu wenye asili ya Eritrea, Ethiopia na Sudan. Moto ulipanda kwa kasi kwa sababu jumba lilikuwa limevikwa kwa nje mabamba yenye kushika moto. Wakazi walikwisha kulalamika kuhusu usalama wao, wasisikilizwe. Uchunguzi wa serikali uliotolewa Septemba 2024 ulisema kuwa vifo vyote vile vingeweza kuepukwa.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Waislamu waliokuwa macho kwa ajili ya daku walikwenda wakigonga milango kuwaamsha majirani, bila ya kuuliza dini ya aliye ndani. Msikiti wa jirani ukafungua milango yake kwa kila aliyekosa pa kulala. Na kwa miaka mingi watu wa mtaa ule walitembea kimya kila tarehe 14 ya mwezi, wakidai haki bila ya kumtukana mtu. Hivyo ndivyo ulimi na mguu wa mwenye huruma ufanyavyo kazi.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi.

Khutba ya Pili

Himidi ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zetu, nyumba moja iliungua Madina usiku pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari, hakumlaumu mwenye nyumba. Alitufunza kuwa moto ni adui yetu, basi tuuzime tunapolala. Hiyo ndiyo taratibu ya Sunna: kuwaonea huruma waliokufa, kisha kuwakinga walio hai.

Nasi tusidhani kuwa moto ni wa maghorofa ya mbali. Tarehe 14 Septemba 2020, bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera, liliungua usiku, na watoto 10 wakafa. Walikuwa wamepelekwa kusoma. Basi kila mwenye kuendesha madrasa ya bweni ajiulize leo, kabla ya Alasiri: bweni lina milango mingapi? Nondo za dirishani zinafunguka? Ufunguo wa usiku unalala kwa nani, na yeye analala wapi? Na mzazi anayeuliza maswali hayo asionekane mkorofi, maana mtoto ni amana, na mwenye kukumbusha amana amefanya ibada.

Majumbani mwetu nako, kibatari kisiachwe kinawaka chini ya makuti, jiko la mkaa lisilazwe chumbani, na petroli ya mashine isiwekwe panapolala watoto.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa kwa moto, na wape subira waliobaki. Wahifadhi vijana wetu walio ugenini. Zichunge ndimi zetu zisiwajeruhi wafiwa, na wape wenye dhamana masikio ya kusikia kilio cha mnyonge kabla hakijawa kilio cha matanga. Amin.